Sarafu yenye tundu

Najua nimepotea. Mitihani ya majaribio ilitubana Mlimani, halafu umeme huku kwetu Mbezi Luis nao ukawa wa kubahatisha. Sasa nimepumua kidogo, na nina deni la kuwasimulia. Itakuwa ndefu, kwa hiyo chukua chai yako, kaa vizuri.

Baadhi yenu mnakumbuka kwamba semista hii tumeanzisha kikundi cha msako. Kwa wasiojua, msako ni ule mchezo ambao wenzetu wa nje wanauita jiokeshi. Ulianza mwanzoni mwa Mei 2000, siku moja tu baada ya serikali ya Marekani kuondoa kizuizi kilichokuwa kinafanya GPS za raia zikosee kwa makumi ya mita. Jamaa mmoja wa jimbo la Oregon, Dave Ulmer, akaficha ndoo yenye vitu vidogo vidogo msituni, akatangaza vipimo vya mahali ilipo, akawaambia watu: haya, itafuteni. Wakaipata. Tangu hapo watu wanaficha vikopo dunia nzima. Mwaka 2001 Jon Stanley wa jimbo la Washington akatengeneza sarafu ya kuweka ndani ya vikopo hivyo. Haina thamani dukani. Kazi yake ni kusafiri tu. Ukiikuta unaandika namba yake, unaipeleka kikopo kingine, na mwenyewe anaendelea kujua imefika wapi. Watu wakapenda, na sasa kuna sarafu za nchi, za majimbo, hata za vitongoji.

Basi na sisi, watu saba tusio na hela, tukaamua tuwe na sarafu ya kwetu. Sarafu ya Pwani yetu hii. Vipande 30 vya shaba, vianze safari hapa Mbezi Luis, kwenye Kituo cha Mabasi cha Magufuli kilichofunguliwa 2021, maana mabasi ya mikoani yanaondokea hapo. Ukitaka kitu kitawanyike Tanzania nzima, wapi pengine pa kukianzishia?

Dada mmoja anayesoma sanaa akapewa kazi ya kuchora. Mimi kwa kuwa nasoma historia nikaambiwa, "Wewe tuletee ripoti. Waliotangulia waliweka nini kwenye sarafu zao?" Nikaona hiyo asainmenti rahisi kuliko zote nilizopewa mwaka huu. Kumbe!

Nikaanzia Kilwa, kwa sababu mbili. Kwanza, huwezi kuzungumzia sarafu za pwani ukairuka Kilwa. Pili, bibi yangu mzaa mama ni wa Kilwa Kivinje, na ndiye ninayekaa naye hapa Mbezi.

Kilwa Kisiwani walikuwa wanajitengenezea sarafu zao wenyewe karne nyingi kabla Mreno hajaonekana. Nyingi ni za shaba, ndogo, nyembamba. Hazina mwaka, hazina jina la mji, hazina hata thamani iliyoandikwa. Zina nini basi? Zina shairi! Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola, na pande hizo mbili zina vina. Ukisoma "Ali bin al-Hasan" ukageuza, unakutana na "mawla al-minan", yaani Mola mwenye neema. San na nan. Watu wa pwani na vina vyao! Mshairi wa Kiswahili akiziona anajua yuko kwao, ingawa maneno ni ya Kiarabu.

Na sarafu hizi zilitembea. Ya sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye Ibn Battuta alimkuta Kilwa mwaka 1331, iliokotwa Great Zimbabwe, kule ilikotoka dhahabu iliyompa utajiri. Mwaka 1984 kule Mtambwe Mkuu, Pemba, kilifukuliwa kifuko cha sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndugu wa hizi za Kilwa, za karne ya 11.

Lakini ile iliyoniacha mdomo wazi ni hii. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, askari wa anga wa Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kwenye kituo cha rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi yao. Siku moja akiwa ufukweni anavua samaki akaokota sarafu tisa mchangani. Akaziweka kwenye kopo, akasahau. Mwaka 1979 ndipo akazipeleka kwa wataalamu. Nne zilikuwa za kampuni ya Waholanzi, VOC. Tano zilikuwa za KILWA. Karibu kilomita 10,000 kutoka nyumbani! Mwenyewe alikuwa ameweka alama ya X kwenye ramani kuonyesha alipoziokota, na mwaka 2013 watafiti wakaifuata ramani hiyo. Nani alizifikisha kule, hadi leo hajathibitika. Nilipowasimulia wenzangu, mmoja akasema, "Kopo, ramani, alama ya X, sarafu inayosafiri... huyu mzee alikuwa anacheza msako miaka 56 kabla haujavumbuliwa!" Tulicheka sana.

Nikaendelea. Sultani Barghash wa Unguja mwaka 1882 alitoa pesa za shaba zenye picha ya mizani, kama anayemwambia mteja "hapa hupunjwi". Neno pesa lenyewe ni paisa ya Wahindi, maana biashara ya mwambao wakati huo ilihesabiwa kwa rupia ya India na reali.

Mjerumani akaja, na kampuni yake ya DOAG ikaanza kutoa rupia mwaka 1890. Upande mmoja Kaisari Wilhelm II na kofia yake ya chuma, ile yenye ndege juu. Upande wa pili simba na mnazi. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikabadilisha, rupia moja ikawa heller 100. Heller! Ndiyo hiyo hela unayoililia kila siku. Unaposema "sina hela" unaongea Kijerumani bila kujua. Baadaye baadhi ya heller zikatobolewa tundu katikati. Waingereza nao jirani walikwishaanza kutoboa senti zao, na watu wakazipitisha kamba na kuzibeba kama shada. Kwa mtu asiye na mfuko kwenye shuka lake, tundu lile lilikuwa ndiyo pochi.

Halafu kuna ile ya Tabora. Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza wamefunga bahari, Mjerumani hapati sarafu kutoka kwao. Mwaka 1916 wakachukua dhahabu ya mgodi wa Sekenke, wakapiga sarafu kwenye karakana ya reli Lulanguru, jirani na Tabora. Rupia 15, tembo amenyanyua mkonga, nyuma yake mlima. Zilitoka kama 16,000 hivi. Za heller 20 walitengeneza kwa shaba na kwa maganda ya risasi na mizinga. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Leo sarafu ile ya tembo ni miongoni mwa zinazotafutwa sana na wakusanyaji duniani, na ndiyo sababu mojawapo ya hadithi za "mali ya Mjerumani" zinazowafanya watu wachimbe usiku chini ya mibuyu na kutapeliwa mchana. (Halafu ndugu zangu, kuchimba vitu vya kale bila kibali ni kosa, sheria ipo tangu 1964. Msiseme sikuwaambia.)

Mwingereza alipochukua Tanganyika tukaingia kwenye fedha ya Bodi ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1919, na kuanzia 1922 ikatumika shilingi. Simba na milima kwenye shilingi, mfalme upande wa pili. Na zile senti zenye tundu? Tundu limezungukwa na pembe za ndovu. Miaka yote ile senti tunayonunulia chumvi imechorwa pembe! Sultani wa Kilwa aliandika jina lake na Mola wake. Mkoloni alichora alichokuja kuchukua. Hayo ni maoni yangu, mtanisahihisha.

Benki Kuu yetu ilipofungua milango Juni 1966, ilitoka na sarafu zilizochorwa na Christopher Ironside, Mwingereza yuleyule aliyechora sarafu mpya za kwao za 1971. Senti 5 samaki, senti 20 mbuni, senti 50 sungura, na shilingi moja mkono umeshika Mwenge wa Uhuru. Upande wa pili Mwalimu. Mimi nampenda yule sungura. Nchi ina simba na tembo, halafu hamsini anapewa sungura, yule mjanja wa hadithi zetu! Mwaka 1974 zikatolewa hata za wakusanyaji kwa ajili ya hifadhi ya wanyama: twiga kwa shilingi 25, faru kwa 50, na duma kwenye dhahabu ya shilingi 1,500. Kwa hiyo sarafu ya kukusanya si jambo geni kwetu.

Mpaka hapo ripoti ilikuwa imekamilika. Ningeisoma kwenye kikao wakanipigia makofi. Sasa naingia kwenye sehemu ambayo imenichelewesha kuandika, maana inaniaibisha.

Kila mmoja wetu alitakiwa kuchanga elfu sitini, ya shaba na ya fundi. Mimi sikuwa nayo. Bumu nilishalimaliza, na sitamsingizia mtu, nililimaliza mwenyewe. Siku zilivyokuwa zinasogea nikakumbuka kopo la bibi. Ni kopo la zamani la maziwa ya unga, liko chini ya kitanda, ndani mna vifungo, sindano, hirizi ya watoto, risiti za ada ya mama, na senti za kila zama. Tangu utotoni nilikuwa naruhusiwa kulichezea. Na humo ndani ilikuwamo rupia moja ya fedha. Simba na mnazi. Kaisari na kofia yake. 1891.

Nikaichukua. Nilijiambia naenda kuipiga picha kwa ajili ya ripoti. Picha nilipiga, lakini moyoni nilijua ninakokwenda. Kesho yake asubuhi nikapanda daladala hadi Kariakoo, kwa mzee mmoja anayenunua vitu vya kale. Njia nzima nimeishika mfukoni, jasho linanitoka, nahesabu mamilioni. Si mnajua hadithi za mjini, "rupia ya Mjerumani, ukiwa nayo umetoka".

Mzee akaivaa miwani, akaigeuza mara mbili, akaiweka mezani. "Imetobolewa hii, kijana."

Kweli, juu ya kofia ya Kaisari kuna tundu dogo, limelika upande mmoja. Tangu utotoni nilikuwa nikiliona na sikuwahi kuliuliza. Akanieleza bila haraka kwamba rupia hizi si adimu hivyo, zilitolewa nyingi, na mkusanyaji anataka safi. Ikishatobolewa hununuliwa kwa uzito wa fedha tu, na hii ni kama gramu 11 na ushee. "Nakupa ishirini."

Ishirini elfu. Nadanganya nikisema nilikataa kwa sababu ya heshima. Nilikataa kwa sababu ilikuwa ndogo. Ingekuwa laki mbili ningeiacha pale mezani, na leo nisingekuwa na cha kuandika. Nataka mjue hivyo.

Nilifika nyumbani jua linazama. Bibi yuko uani anachambua mchicha. "Shikamoo bibi." "Marahaba mume wangu, mbona umenuna, wamekufukuza huko chuoni?" Nilitaka kwenda chumbani nikalirudishe kopo kimyakimya. Sijui nini kilinizuia. Nikaitoa mfukoni nikamwekea kwenye ungo, juu ya mchicha, nikamwambia kila kitu. Hata bei.

Hakugomba. Ningefurahi angegomba. Akaifuta na ncha ya khanga, akakaa nayo muda mrefu, halafu akaniuliza, "Hilo tundu alikwambia nani kalitoboa?"

Nikasema hapana.

Akanisimulia. Babu yake yeye alikuwa mkulima huko nyuma ya Kivinje. Wakati wa Mjerumani ilitakiwa kodi ya nyumba, rupia tatu. Mzee yule akapata moja. Akaifunga kwenye kitambaa, akawa anahangaika kutafuta mbili nyingine. Hazikupatikana. Walipokuja watu wa akida wakamkuta na ile moja, wakasema moja si kodi, wakaondoka naye kwenda kufanya kazi kwenye shamba la pamba. Rupia ilibaki kwa mkewe. Halafu vita vikaja, na mzee hakurudi tena, wala hakuna aliyewaambia amezikwa wapi. Mkewe akaichukua ile rupia akaitoboa kwa msumari wa moto, akaitia uzi, akamvisha mtoto shingoni. Mtoto huyo ndiye mama yake bibi.

"Alisema hivi," bibi akaniambia, "pesa iliyoshindwa kumkomboa baba yako isije ikanunua kitu kingine. Akaitoboa makusudi ili isipokelewe tena dukani."

Wadau, mimi nimefundishwa hayo darasani. Kodi ya nyumba ilianza 1898, kiwango cha vijijini kwa kawaida rupia tatu, mwanzoni watu waliruhusiwa kulipa kwa mazao, baadaye wakadaiwa fedha taslimu. Mashamba ya pamba ya lazima yalianza 1902. Julai 1905 watu wa Matumbi wakang'oa pamba, na vita vya Maji Maji vikawaka. Agosti 4 Kinjeketile akanyongwa. Nimeyajibu kwenye mtihani na nikapata A. Na muda wote huo jibu liko chini ya kitanda kwenye kopo, na mimi nimelipeleka Kariakoo.

Nilimwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe, lakini sasa unajua. Mwanzo ulikuwa hujui, hukuwa na kosa kubwa. Ukiichukua tena, hilo ndilo kosa." Kisha akanirudishia niende nikalirudishe koponi mwenyewe.

Kwenye kikao niliwaambia wenzangu ukweli kwamba sina mchango, na kwa nini. Wakakubali nilipe kidogo kidogo, na kazi ya kusugua vipande vyote 30 iwe yangu. Sawa tu, nastahili.

Kuhusu mchoro, tulikuwa tumegawanyika. Wengine walitaka tembo wa Tabora kwa sababu anapendwa duniani. Mwenzetu wa jiolojia alitaka mlima. Mmoja alitaka ifanane na shilingi ya 1966, tukamkumbusha kwamba kutoa sarafu ni kazi ya Benki Kuu peke yake, na kitu chetu kisifanane na fedha halali hata kwa mbali, tusije tukalala ndani kwa sababu ya mchezo. Mimi nikaomba mambo mawili tu. Vina pande mbili, kama Kilwa. Na tundu.

Wakauliza tundu la nini. Nikawaeleza habari za heller, habari za senti zenye kamba, kwamba mikono ya watu wa huku imezoea sarafu yenye tundu. Halafu nikawaeleza ya bibi. Hawakubisha. Yule dada wa sanaa akafuta tembo aliyekuwa amemchora siku tatu, bila kusema neno.

Kwa hiyo sarafu yetu haina uso wa mtu, haina mnyama, haina thamani. Ukingoni ina mawimbi madogo, na namba ya kipande, 1 hadi 30. Tundu limewekwa juu kidogo, si katikati, mahali lilipo kwenye ile ya bibi. Na maneno tuliyatunga sote usiku mmoja kwenye kibanda cha chipsi pale nje ya stendi. Upande wa kwanza: "Mkononi mwako si mwisho wangu." Upande wa pili: "Nipeleke nione ulimwengu."

Kipande cha kwanza nilimpelekea bibi. Akapima uzito kiganjani, akasoma pande zote mbili kwa sauti, akacheka. Akaniuliza hii inanunua nini. Nikamwambia hainunui kitu. "Basi vizuri," akasema, na akataka uzi.

Nikadhani ataiweka koponi na ile nyingine. Wapi! Jumamosi iliyopita jirani yetu alikuwa anasafiri na mtoto kwenda Kilwa. Bibi akamvisha mtoto ile sarafu shingoni, akamwambia mama yake wakifika Kivinje ampe mtoto mwingine yeyote anayekwenda mbali zaidi.

Kwa hiyo namba 1 iko njiani tayari, hata kabla ya uzinduzi wetu. Ukikutana nayo, isome, halafu ipitishe. Nitawajulisha ikifika.

Alamsiki.